Sukari kwa bei ya kununulia: kisa cha sekunde moja iliyoifumba macho Git

Simu ilinikuta nikinywa chai, saa moja na dakika arobaini asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, sukari yangu leo inauzwa shilingi ngapi?"

Nikamjibu kwamba inatakiwa kuwa 2,900 kwa kilo, kwa sababu msambazaji alituma bei mpya jana jioni. Akanyamaza kidogo, kisha akanisomea risiti aliyokuwa ameishika: 2,650. Hiyo ndiyo bei anayonunulia yeye. Duka lake la jumla, ambalo mfumo wake wa bei nautunza mimi, lilikuwa limefunguliwa tangu saa kumi na mbili na nusu, na kwa zaidi ya saa nzima lilikuwa linatoa mzigo kwa bei ya kununulia: sukari, mchele, mafuta, sabuni, kila kilichokuwa kwenye orodha mpya. Faida ya mfuko mmoja katika duka la jumla ni ndogo, riziki iko kwenye wingi. Saa moja ya kuuza hivyo inauma.

Nikaingia kwenye seva nikiwa bado nyumbani. Nikaandika git status, amri ya Git (programu ya kutunza historia ya mafaili) inayotaja yaliyobadilika, nikaona bei.txt, faili la bei, imetajwa kuwa imebadilika, nikalifungua faili: 2,900, sawasawa. Sikugusa kitu. Saa mbili kasoro dakika kumi mashine zote za kaunta zilikuwa na bei sahihi, na mama akanipigia tena kushukuru kwa kurekebisha. Nilimwambia ukweli kwamba sijarekebisha chochote. Hilo ndilo lililonikosesha raha zaidi ya kosa lenyewe, maana kinachopona chenyewe kitaugua tena.

Naeleza mpangilio wa kazi kwanza, kwa sababu kosa lilijificha katika namna vipande vilivyounganishwa, na kila kipande peke yake kilikuwa kizima.

Orodha ya bei inakaa kwenye faili moja, bei.txt, ndani ya ripo ya Git, yaani folda ambayo Git inaitunzia historia. Programu ya kaunta ni ya zamani na inataka kila safu iwe na upana uleule, kwa hiyo kila bidhaa ina mstari wa namna hii:

0417 SUKARI NYEUPE 1KG      00002650

Bei ina tarakimu nane daima, zikijazwa sifuri mbele. Ikipanda au ikishuka, mstari haurefuki wala haufupiki. Faili lenye bidhaa zilezile lina idadi ileile ya baiti leo, kesho na mwakani. Naomba msomaji alikumbuke hilo.

Siku msambazaji anapotuma bei, kron, programu inayoanzisha kazi kwa saa zilizopangwa, huamsha programu mbili saa kumi na moja alfajiri. Ya kwanza, ingiza, huandika bei.txt kwa bei za kununulia na kuita git add, amri inayoliandikisha faili kwenye indeksi, daftari la Git la yanayoandaliwa kuingia kwenye historia, ili baadaye msimamizi wa duka akifungua git diff aone faida ilivyoongezwa mstari kwa mstari. Ya pili, faida, hufungua faili lilelile na kuandika bei za kuuzia juu ya zile za kununulia, palepale zilipo. Msimamizi akifika hukagua, na akiridhika hukomiti, yaani huyaingiza mabadiliko kwenye historia.

Lakini mashine za kaunta hazisubiri komiti ya msimamizi. Kila baada ya dakika kumi kuna skripti inayopiga picha ya hali ya mafaili na kuiweka kwenye tawi (mstari wa pembeni wa historia) linaloitwa rafu, na kaunta huvuta kutoka huko. Skripti hiyo niliiandika mimi:

cp .git/index /tmp/rafu.index
export GIT_INDEX_FILE=/tmp/rafu.index
git add -A
mti=$(git write-tree)
komiti=$(git commit-tree "$mti" -p rafu -m rafu)
git update-ref refs/heads/rafu "$komiti"

Nia yake ni nzuri. Indeksi halisi, ile ambayo msimamizi anaandalia komiti yake, haiguswi. Tunafanyia kazi nakala. Na tunanakili badala ya kuanza na indeksi tupu kwa sababu indeksi ina kumbukumbu inayoifanya Git isisome upya kila faili. Mstari wa kwanza ndio wenye ugonjwa. Nimewaonyesha wenzangu kadhaa skripti hii, watu wanaoijua Git, na hakuna aliyesita kwenye mstari huo.

Siku ile nilianza kwa kushuku kila kitu isipokuwa huo. Kwanza nilidhani faida haikuendeshwa. Kumbukumbu ilisema imemaliza salama, na amri ya stat ilionyesha bei.txt limeandikwa mara ya mwisho saa 05:00:00 na sehemu ya sekunde, halijaguswa tena. Kumbe tangu alfajiri, wakati mama anauza kwa hasara, faili kwenye diski lilikuwa na bei sahihi. Halafu nikashuku kaunta, kwamba zimekalia bei za zamani. Hapana, 2,650 haikuwa bei ya zamani. Ilikuwa mpya ya alfajiri ileile, kabla ya faida kuongezwa.

Basi nikaenda kwenye tawi lenyewe. Nikapitia picha moja baada ya nyingine kwa git show, nikitafuta mstari wa sukari. Ya 05:10: 00002650. Ya 05:20: 00002650. Ikaendelea hivyohivyo mpaka ya 07:40. Picha ya 07:50 ndiyo ya kwanza kusema 00002900. Picha kumi na sita zilipigwa za faili lililokuwa na bei sahihi, na zote kumi na sita zikatoka na bei isiyokuwemo tena kwenye faili. Git iliulizwa mara kumi na sita kama bei.txt limebadilika, na mara zote ilijibu halijabadilika.

Na kati ya 07:40 na 07:50 kilichotokea ni kimoja tu. Niliandika git status.

Git inajuaje kwamba faili limebadilika? Njia ya uhakika ni kulisoma lote, kukokotoa hashi yake, yaani alama inayotokana na maudhui yenyewe, na kuilinganisha na ile iliyohifadhiwa. Ripo yenye makumi ya maelfu ya mafaili, kama ya kerneli (kiini) ya mfumo wa Linux ambayo Git iliundwa kwa ajili yake, haiwezi kufanyiwa hivyo kila mtu anapoandika git status. Kwa hiyo indeksi, pamoja na hashi ya kila faili, huhifadhi mambo ambayo mfumo wa uendeshaji huyatoa bila faili kufunguliwa: saa ya kubadilishwa maudhui, yaani mtime, saa ya kubadilishwa taarifa za faili, yaani ctime, namba ya diski, namba ya inodi (kitambulisho cha faili kwenye diski), mwenye faili na kundi lake, ruhusa, na ukubwa kwa baiti. Ukitaka kuyaona kwa macho yako, andika git ls-files --debug. Git ikikuta yote yanafanana na yaliyoandikwa, inachukulia faili ni lilelile na kupita bila kulifungua.

Njia hiyo ina tundu moja. Chukua faili lililoandikwa, likaongezwa kwa git add, kisha likaandikwa tena palepale, yote ndani ya sekunde moja na bila ukubwa kubadilika. Inodi ni ileile, kwa kuwa ni faili lilelile. Ukubwa ni uleule. Saa ya kubadilishwa, ikihesabiwa kwa sekunde, ni ileile. Mashahidi wote wanasema hakuna kilichotokea. Ukisoma muhuri wa muda peke yake huwezi kutofautisha faili la kabla na la baada.

Ni tatizo la zamani kuliko Git. CVS, programu ya kazi kama hii iliyoitangulia, ilikuwa inalinganisha saa ya faili na saa iliyoandikwa kwenye daftari lake, nayo ililazimika kusubiri sekunde ipite kabla ya kumaliza kazi. Subversion ilirithi dawa hiyohiyo: ikimaliza kuandika nakala yako ya kazi, inalala kidogo mpaka sekunde igeuke, ili badiliko lako la kwanza liangukie kwenye sekunde nyingine. Kuna kigezo cha mazingira cha kuuzima usingizi huo, na jina lake refu linatamka kwamba anayekitumia anapenda nakala zilizoharibika. Waliokipa jina hilo walijua uzito wa jambo. Kulala ni dawa inayofanya kazi, ila mtumiaji anailipia kila mara, hata pale ambapo hakuna hatari yoyote.

Git ilichukua njia nyingine, na kwangu mimi hiyo ni kati ya fikra nzuri kabisa zilizomo ndani yake. Linus Torvalds alianza kuiandika Aprili 2005, na Julai mwaka huohuo akamkabidhi Junio Hamano usimamizi. Desemba 2005 Hamano aliliziba tundu hili bila kumlaza mtu usingizi. Alitambua kwamba indeksi nayo ni faili, na kwa hiyo ina saa yake ya kuandikwa.

Fikiria daftari la mlinzi getini. Mlinzi ameandika: saa nne kamili, mlango wa ghala umefungwa. Kama daftari lilifungwa saa nne na nusu, nawe ukaja saa tano ukakuta kufuli linaonyesha kwamba mara ya mwisho liliguswa saa nne kamili, unaweza kutulia: mlinzi aliandika akiwa tayari ameona yote ya saa nne. Lakini kama daftari lenyewe lilifungwa saa nne kamili, hujui kitu. Huenda kufuli liliguswa tena dakika ileile, baada ya kalamu kuinuliwa. Maandishi ni yaleyale katika hali zote mbili. Kinachoyapa uzito, au kuyaondolea, ni saa ya kufungwa kwa daftari.

Ndivyo Git inavyofanya. Ikiwa mtime ya faili iliyoandikwa ndani ya indeksi ni ya kabla ya mtime ya indeksi yenyewe, muhuri unaaminika. Ikiwa zinalingana, au ya faili iko mbele, Git haiamini kulingana kwa mihuri. Inafungua faili na kusoma maudhui. Gharama inaangukia mafaili machache tu yaliyoandikwa katika sekunde ya mwisho kabla ya indeksi kufungwa.

Kuna hatua ya pili, na katika kisa chetu ndiyo iliyotupoteza njia. Indeksi ikiandikwa upya baadaye, saa yake inasogea mbele, na shaka juu ya yale mafaili ya sekunde ile ingefutika kimyakimya. Kwa hiyo kabla ya kuandika, Git huyapitia mafaili yenye shaka. Likiwemo lililobadilika kweli huku mihuri yake inafanana, Git huandika ukubwa wake kuwa sifuri kwenye indeksi. Ni alama ya makusudi. Faili lenye ukubwa wa sifuri ambalo hashi yake si ya faili tupu haliwezi kuwepo, hivyo kila atakayeisoma indeksi hiyo atalikuta halilingani na atalazimika kusoma maudhui. Shaka iliyokuwa inategemea saa inageuzwa kuwa maandishi ya kudumu.

Sasa rudi kwenye mstari wangu wa kwanza: cp .git/index /tmp/rafu.index.

Amri ya cp bila kigezo chochote hunakili baiti, na nakala hupewa saa ya sasa. Indeksi halisi ilifungwa 05:00:00, sekunde ileile ya bei.txt, kwa hiyo yenyewe ilikuwa inajua kwamba haijui. Nakala ilizaliwa 05:10:00. Git ikaisoma nakala, ikaona bei.txt ni ya 05:00:00 na daftari limefungwa dakika kumi baadaye, ikahitimisha kwamba mlinzi aliona yote. Nilinakili kila neno la daftari, nikaacha saa ya kufungwa kwake, na saa hiyo ndiyo iliyokuwa imebeba shaka yote.

Maswali yote yaliyobaki yalijibika baada ya hapo, moja baada ya jingine.

Kwa nini ilipona nilipoangalia? Kwa sababu git status, ikikuta kuna mafaili yenye shaka, huandika indeksi upya. Ilisoma bei.txt, ikaona limebadilika, ikaandika ukubwa wa sifuri kwenye indeksi halisi. Skripti ya 07:50 ikanakili indeksi yenye ile alama, na alama ya sifuri hainyauki ikinakiliwa. Kuchunguza kosa kulikuwa ndiyo tiba yake.

Kwa nini miaka miwili ilipita bila tatizo? Mashine ya zamani ilikuwa nzito. Ingiza na faida zilichukua sekunde tatu au nne, kwa hiyo maandishi mawili yaliangukia sekunde tofauti. Mwezi uliotangulia tulihamia mashine mpya yenye diski ya kasi, na kazi yote ikawa inamalizika chini ya sekunde moja. Na kuna jambo jingine ambalo sikulitarajia: kron huamsha kazi mwanzoni kabisa mwa dakika. Mtu akiendesha programu kwa mkono, huanza popote ndani ya sekunde, na mara nyingine sekunde hugeuka katikati na kumwokoa. Kazi ya kron yenye urefu wa nusu sekunde huanzia kwenye ukingo wa sekunde na kutosha ndani yake kila mara. Majaribio yangu ya mkono wakati wa kuhama yalikuwa yanafaulu na kufeli kwa bahati, na yaliyofeli niliyatazama kwa git status, ambayo iliyaponya.

Na kwa nini siku ile tu? Si siku ile tu. Tawi la rafu lina historia yake yote, nikairudia tangu siku ya kuhama. Kila alfajiri ya bei mpya, picha za kuanzia 05:10 zilikuwa na bei za kununulia mpaka karibu saa kumi na mbili, msimamizi alipofika na kufungua ukurasa wake wa ukaguzi, ambao huanza kwa git status. Kosa lilitokea tukiwa tumelala na likaponywa kabla ya mteja wa kwanza. Siku ya simu msimamizi alikuwa msibani kwao, na aliyemshikia zamu alifungua duka bila kufungua ukurasa huo. Hakukosea; hakuna aliyewahi kumwambia kwamba bei zinategemea mtu kutazama.

Nililijenga tena kosa kwa mistari michache. Unaweza kuijaribu kwenye Linux, mahali popote pasipo na ripo ya maana:

git init jaribio && cd jaribio
printf 'bei=2650\n' > bei.txt; git add bei.txt; printf 'bei=2900\n' > bei.txt
sleep 2
cp .git/index /tmp/nakala
GIT_INDEX_FILE=/tmp/nakala git diff-files
git diff-files

Amri ya mwisho, inayotumia indeksi halisi, inalitaja bei.txt. Ile inayoitangulia, inayotumia nakala, haisemi kitu. Mafaili mawili ya indeksi yanayofanana baiti kwa baiti, na majibu mawili. Ukiandika cp -p badala ya cp, nakala inabaki na saa ya asili na majibu yanalingana.

Jaribio hilo lina somo dogo la pembeni. Ukibadilisha maandishi ya pili yakafanywa na sed -i, kosa halitokei. Hiyo ni kwa sababu sed -i haiandiki juu ya faili. Inaunda faili jipya na kulipa jina la la zamani, na faili jipya lina inodi mpya. Vihariri vingi hufanya vivyo hivyo. Nadhani hii ndiyo sababu watu wengi wameishi na skripti kama yangu bila kuumia: inodi inawalinda nao hawana habari. Programu yangu ya faida ilikuwa inaandika palepale, kwa hiyo ulinzi huo haukuwepo. Na anayeweka core.checkStat kuwa minimal, kwa ajili ya ripo inayotumiwa pia na programu nyingine, ajue kwamba inodi haiangaliwi tena, na ctime nayo haiangaliwi.

Mwenzangu aliuliza swali la haki: mifumo ya faili ya leo huandika nanosekunde, kwa nini tunazungumzia sekunde? Ni kweli ext4 huandika nanosekunde, na indeksi ya Git ina nafasi yake na inaijaza. Lakini wakati wa kulinganisha, Git iliyojengwa kwa kawaida hutazama sekunde tu. Nanosekunde huangaliwa ikiwa imejengwa kwa kigezo cha USE_NSEC. Sababu ni ya kihistoria na ya busara. Kerneli ilikuwa inashikilia nanosekunde kwenye kumbukumbu kwa mifumo kama ext3 ambayo kwenye diski ina sekunde tu. Inodi ikitolewa kwenye kumbukumbu na kusomwa upya, nanosekunde zimekwenda, na faili lisiloguswa linaonekana limebadilika.

Hata hivyo nanosekunde zisingefunga tundu, zingelipunguza. Linux kwa muda mrefu imekuwa ikipiga muhuri wa faili kwa saa inayosogea kila mpigo wa kerneli, na kerneli yenye mipigo 250 kwa sekunde inasogeza saa hiyo kila milisekunde nne. Maandishi mawili ndani ya mpigo mmoja yana nanosekunde zilezile mpaka tarakimu ya mwisho. Toleo la 6.13 la kerneli lilileta mihuri inayonoa usahihi pale tu ambapo kuna aliyeuliza saa ya faili tangu libadilike mara ya mwisho, na hilo ni jambo jema kweli. Ila upande wa pili kuna kadi za kumbukumbu zenye mfumo wa faili wa FAT, ambazo mtime yake huenda kwa hatua za sekunde mbili. Programu inayokagua mabadiliko haichagui diski itakayowekwa.

Mercurial, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, imelikabili jambo lilelile kwa mtindo wake: faili ambalo saa yake inalingana na wakati wa kuandikwa kwa daftari, halihifadhiwi saa kabisa. Linaandikwa kana kwamba saa haijulikani, na ukaguzi unaofuata hulazimika kulisoma. Naupenda mtindo huo kwa jambo moja: shaka imo ndani ya maandishi tangu mwanzo, kwa hiyo anayenakili daftari ananakili na shaka.

Hata ndani ya Git yenyewe watu wamejikwaa hapa. Indeksi iliyogawanywa vipande viwili, ambapo kipande kidogo huandikwa mara kwa mara na kikubwa hubaki, ilikaa miaka ikipoteza ile alama ya sifuri katika hali fulani, na dalili yake ilikuwa majaribio ya Git yanayofeli mara moja moja bila mpangilio. Ilirekebishwa kwenye toleo la 2.20, mwaka 2018. Na git update-index --refresh, ambayo mtu angedhani ndiyo amri ya kwanza kuishughulikia hali hii, ilifundishwa kuandika indeksi upya inapokuta mihuri yenye shaka kwenye toleo la 2.36, mwaka 2022. Git status ilikuwa ikifanya hivyo tangu zamani. Nililifikiria kama suluhisho, kuiita kabla ya kunakili. Nikaliacha kwa sababu ingeigusa indeksi ya msimamizi, jambo ambalo skripti iliandikwa ili kuliepuka.

Suluhisho jepesi lilikuwa cp -p, herufi moja. Niliiweka jioni ileile ili duka lifunguke kesho yake. Lakini sikutaka ibaki hivyo. Herufi hiyo haionyeshi inabeba nini. Atakuja mtu kuhamisha skripti kwenye lugha nyingine, atatumia amri ya kunakili isiyotunza saa, na alfajiri zitarudi kuwa zile. Halafu /tmp si lazima iwe diski moja na ripo. Ripo ikiwa kwenye seva ya mbali, saa za pande mbili zinaweza kutofautiana.

Nilichoweka ni git read-tree HEAD kwenye indeksi mpya kabisa badala ya kunakili. Indeksi inayotoka hapo ina hashi za mafaili lakini haina muhuri hata mmoja, kwa hiyo git add -A inayofuata husoma kila kitu. Ripo yetu ina mafaili mia tatu na ushee. Kazi yote haifiki nusu sekunde. Ile kumbukumbu niliyotaka kuiokoa kwa kunakili haikuwa na thamani kwa ripo ndogo kama hii. Angalizo kwa atakayeiga: usiongeze -m. Kwa -m, Git huchukua mihuri kutoka indeksi iliyokuwepo kwa faili ambalo hashi yake inalingana na ya mti, na utakuwa umerudi pale ulipotoka.

Programu ya faida nayo nimeibadilisha. Sasa inaandika bei.txt.mpya, ikimaliza inalipa jina la bei.txt kwa mv. Inodi mpya kila mara, na kaunta au mtu mwingine yeyote hawezi kulikuta faili likiwa nusu bei hizi nusu zile. Ilitakiwa kuwa hivyo tangu siku ya kwanza hata kama Git isingekuwepo.

Kisha jaribio. Linasubiri sekunde igeuke, linaandika, linaongeza, linaandika tena palepale kwa ukubwa uleule, linasubiri sekunde mbili, linaita skripti na kulinganisha kilichomo kwenye tawi na kilichomo kwenye diski. Mara hamsini. Skripti ya zamani ilifeli zote hamsini, nikafurahi, kwa maana kosa linalofeli kila mara unaweza kulishika. Mpya ilipita zote.

Mama nilimweleza kwa lile daftari la mlinzi, akaelewa haraka kuliko baadhi ya wenzangu. Aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo mlinzi hakudanganya?" Nikamjibu hakudanganya, mimi ndiye niliyebadilisha jalada la daftari lake. Tofauti ya mauzo ya asubuhi ile tuliipiga pamoja kutoka kwenye risiti, nikaikata kwenye ankara yangu ya mwezi.

Bei zilizofuata ziliingia Alhamisi. Niliamka saa kumi na moja kasorobo, nikaingia kwenye seva, nikasubiri. Ilipofika 05:10 nikaandika amri moja: git show rafu:bei.txt | grep SUKARI. Ikatoka 00002950, bei ya kuuzia. Nikasubiri picha ya 05:20, kisha ya 05:30, nikiuliza swali lilelile kwa tawi lilelile. Git status sikuiandika.